Wasifu wa Mama Jalala

Mama alifariki Jumanne asubuhi. Jumatano saa nne kaka akanitumia wasifu wake kwenye simu ili niuchape, kwa sababu mwenye mashine ni mimi. Nina miaka kumi na miwili katika duka hili la uchapaji, mlango wa pili kutoka kona. Nimechapa kadi za harusi, matangazo ya vyumba vya kupanga, na wasifu wa marehemu wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Uongo wa kwenye wasifu nimeshauzoea. Marehemu wote waliopita mikononi mwangu walikuwa wacheshi, wakarimu na wapenda watu. Sijawahi kumchapa marehemu mchoyo hata mmoja.

Lakini huu niliusoma nimesimama, na nilipofika aya ya tatu niliweka simu kifudifudi juu ya kaunta, nikatoka nje, nikatema mate.

“Marehemu alikuwa mtumishi wa sekta ya afya,” kaka alikuwa ameandika. “Alijaliwa mtoto mmoja.” Likafuata jina lake mwenyewe kaka na vyeo vyake vyote vya chuoni, mistari minne. “Pia aliwasaidia watoto mbalimbali wenye mahitaji. Katika kazi hiyo ya huruma alishirikiana bega kwa bega na wifi yake mpendwa.” Likafuata jina la shangazi.

Sekta ya afya! Mama alikuwa mfuaji. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, na mashine zake alizitukana kama mtu anavyotukana punda. Mashuka yalikuja yamegandamana kwa damu, usaha na choo, naye aliyakunjua kwa mkono kabla ya kuyaingiza kwenye mashine, kwa sababu aliwahi kukuta mkasi ndani ya shuka na mara nyingine meno ya bandia. Akirudi nyumbani vidole vyake vilikuwa vyeupe vimekunjamana, vinanuka klorini.

Na watoto mbalimbali ndio sisi. Tulikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na jina. Hatukukaa wote kwa mpigo. Wengine walikaa miezi mitatu, wengine walikaa mpaka wakaoa. Mimi nilikuwa wa tatu kuja, nikaondoka na miaka ishirini na minne.

Huyo wifi mpendwa sasa. Mume wa mama alikufa kaka akiwa mchanga, na shangazi ni dada yake huyo mume. Ndiye aliyempa mama jina ambalo mtaa mzima ulilitumia: Mama Jalala. “Kila mtu akiwa na takataka asiyoitaka,” alisema, “anakwenda kumtupia wifi yangu.” Takataka ndio sisi. Alilisema hilo sebuleni kwetu, tumekaa tunamsikiliza, na kikombe chake mkononi. Nasema kikombe chake kwa sababu alikuja nacho kwenye mkoba, kimeviringishwa kwenye kitambaa. Vikombe vyetu hakuvigusa. Kiti alikipangusa kwanza kabla ya kukikalia. Miaka yote hiyo, bega kwa bega lake lilikuwa hilo.

Nakumbuka siku niliyoletwa. Nilikuwa na miaka sita. Aliyenizaa alikuwa ameniacha kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii, akasema anakwenda kununua maji. Kichwa changu kilikuwa na mapunye na vidonda, na chawa walitembea juu ya vidonda. Dereva aliyetuleta, mimi na afisa, alinitandikia gazeti kwenye kiti na kufungua vioo vyote. Nilijua kwamba nanuka. Watu wazima hudhani mtoto hajui.

Shangazi siku hiyo alikuwepo. Alijiziba pua, akauliza, “Hiki nacho kinatoka wapi?” Hakusema huyu. Alisema hiki.

Mama alikaa kwenye kigoda, akaniweka katikati ya magoti yake, akaninyoa. Hakuvaa chochote mikononi. Chawa aliwaua kwa kucha za vidole gumba, anahesabu kwa sauti kama anayecheza, na alipofika arobaini akaniambia, “Mwanangu, una mifugo mingi. Wewe ni tajiri.” Nilicheka. Ndicho kicheko changu cha kwanza ninachokikumbuka. Halafu akanipaka dawa, inawasha kama moto, nikamng'ata mkono, akasema, “Ng'ata tu, lakini kichwa kitulie.”

Simwandiki malaika hapa. Mama alikuwa mbishi. Alikoroma mpaka vikombe vilitikisika kabatini. Alituchanganya majina, akikuita wewe anaanza na majina ya wenzako wanne. Afisa akija kukagua, alimdanganya macho makavu kuhusu idadi ya wanaolala chumba kimoja. Lakini hakuwahi kumwonea mtu kinyaa. Sijui alizaliwa bila kiungo hicho au alikiua mwenyewe kule chumba cha mashuka.

Basi nikampigia kaka simu.

“Umeuona?” akauliza. “Chapa nakala mia mbili. Tumia karatasi nzito.”

“Kaka, sekta ya afya ndiyo nini?”

“Atakuja mkuu wa idara. Watakuja wenzangu wa chuo. Unataka nisimame pale niseme mama yangu alikuwa anafua mavi ya watu?”

“Alikuwa anafua mavi ya watu. Ndiyo yaliyokusomesha.”

“Sikatai. Ila si kila kitu ni cha kusemwa kwenye kipaza sauti.”

“Na shangazi je? Bega kwa bega?”

“Shangazi ni mtu mzima. Ameomba. Kumwandika mstari mmoja kunakupunguzia nini?”

“Na sisi?”

“Ninyi mmetajwa. Watoto mbalimbali.” Akashusha sauti, ile ya kubembeleza wanafunzi. “Dada, usifanye mambo kuwa magumu. Chapa hivyo hivyo.”

Nikasema sawa. Nikakaa mbele ya mashine. Kumvika mtu kilemba cha ukoka akiwa hai ni vibaya, lakini yeye anaweza kukivua. Maiti hawezi.

Nikafuta sekta ya afya, nikaandika: “Alifua mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na mmoja.” Nikafuta watoto mbalimbali, nikaandika majina yetu kumi na moja kwa mpangilio wa kuja kwetu, na la kaka nikaliweka la kwanza kabisa, kwa sababu ndiye wa kwanza. Wale wawili waliokufa wadogo niliwaandika pia. Mstari wa shangazi niliufuta, sikuweka kitu. Mwisho nikaandika: “Katika ugonjwa wake alitunzwa na watoto wake.” Nikabonyeza. Nakala mia mbili, karatasi nzito.

Mazishi yalikuwa Ijumaa saa nane. Maturubai mawili, viti vya kukodi, kipaza sauti kinachokwaruza. Shangazi alifika na nguo nyeusi mpya, akajitupa juu ya jeneza, akalia, “Wifi yangu! Umeniachia nani?” Watu wakamshika. Machozi yake yalikuwa mengi, yanatiririka hasa, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Ningependa yawe ya kuigiza. Lakini alikuwa analia kweli, huku midomo ile ile iliyosema jalala imebandikwa kwenye mbao za jeneza. Nilitazama pembeni, nisije nikatapika mbele za watu.

Kaka alisimama kusoma. Karatasi alipewa pale pale, hakuipitia, kwa sababu alijua ni maneno yake. Alianza vizuri, tarehe ya kuzaliwa, shule, ndoa. Halafu akafika kwenye mashuka.

Nilimwona macho yake yakisimama. Akasema, “Marehemu alikuwa mtumishi wa, wa sekta ya afya,” akaendelea kwa kichwa, anakumbuka alichoandika mwenyewe. “Aliwasaidia watoto mbalimbali...”

Alichosahau ni kwamba watu mia mbili walikuwa na karatasi hiyo hiyo mapajani. Vichwa vilianza kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka. Wanatazama karatasi, wanamtazama yeye. Mkuu wa idara aligeuza ya kwake nyuma, akidhani labda kuna ukurasa mwingine.

Safu ya tatu alikuwa amekaa bibi mmoja mfupi, mkongwe, aliyefua na mama tangu siku ya kwanza. Hasikii vizuri, kwa hiyo alikuwa anafuatisha kwa kidole. Akasema kwa sauti ya viziwi, bila ubaya wowote, “Umeruka, mwanangu. Umeruka hapa kwenye kufua.”

Mtu mmoja akacheka, akajikohoza. Kaka akasimama kimya muda ambao ulinitosha mimi kujutia kila kitu na kuacha kujutia. Kisha akainamisha uso kwenye karatasi, akarudi juu, akasoma. “Alifua mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na mmoja.” Yule bibi akaitikia, “Ndiyo.” Kaka akasoma majina. Alipolisoma langu sauti haikubadilika. Alipofika la Fundi ilikatika kidogo, akaendelea.

Fundi ndiye wa nne wetu, fundi breki wa malori. Alikaa nyuma kabisa, mikono katikati ya magoti, na jina lake liliposomwa hakuinua kichwa. Shangazi alipoona majina yameisha na la kwake halimo, aliinuka, akajikung'uta nguo, akaenda kukaa turubai la pili kwenye kivuli. Hakuondoka. Chakula kilikuwa hakijagawiwa.

Baada ya kuzika kaka alinikuta nyuma ya nyumba, kwenye karo la kufulia. Alikuwa amelegeza tai.

“Umenivua nguo mbele ya watu,” akasema.

“Nimekusomesha ukweli.”

“Ukweli.” Akacheka kwa pua. “Nilikuwa na miaka mitano mlipoanza kuja. Kuna aliyeniuliza? Fundi alikuja anajinyea, na kitanda kilikuwa changu. Miaka mitatu. Shuleni nilikuwa naitwa Mtoto wa Jalala. Kila nikimshika mama mkono unanuka klorini na mafuta ya vidonda vya mtu mwingine. Nilikuwa na mama mmoja, nikagawana na kumi na mmoja, na hakuna siku nilipata fungu zima. Mimi sikuacha kuwaandika kwa sababu ninawadharau. Nilitaka, siku moja tu, awe mama yangu.”

Nilitaka bado kumwonea kichefuchefu, na nilikuwa nacho, lakini sasa kilikuwa kimechanganyika na kitu kingine, kama maji ya kufulia baada ya shuka la tatu, hujui tena uchafu ni wa lipi.

Yeye hakuwa amemaliza.

“Na umeandika alitunzwa na watoto wake. Wewe ulimtunza?”

“Nilikuja kila Jumapili.”

“Ulikuja saa ngapi? Mtoto ameniambia.”

Mtoto ni yule wa kumi na moja, wa mwisho wetu, msichana wa miaka kumi. Alikuwa bado anaishi na mama. Nami nikajua mara moja alichomwambia, kwa sababu nilijua alichokuwa anakiona dirishani.

Naisema hapa kwa sababu kwenye wasifu sikuisema. Mama alipata kiharusi, akalala miezi saba. Upande mmoja ulikufa na haja zilikuwa zinamtoka. Tulipangiana zamu, Fundi na mimi, na mtoto akisaidia akitoka shule. Jumapili ya kwanza nilivaa glavu mbili mbili na barakoa niliyoipaka mafuta ya kuchua puani. Nikafunua shuka. Nikaona, nikanusa, na mwili wangu ukanisaliti: nikatapika kwenye beseni lile lile nililokuja nalo la maji yake ya kuogea. Nilipoinua uso mama alikuwa ananitazama. Ulimi wake ulikuwa mzito, midomo imekwenda upande. Akajitahidi mpaka neno likatoka.

“Pole,” akaniambia.

Yeye ndiye aliyenipa mimi pole.

Baada ya hapo nilikuwa nashuka kituoni mapema, naingia duka la ng'ambo ya barabara, nanunua soda, nainywa taratibu nikilitazama geti. Nikimwona Fundi ametoka na beseni kumwaga maji, nasubiri dakika kumi zaidi, ndipo navuka. Nafika, naambiwa mama ameshasafishwa, nasema, “Ah, nimechelewa!” Fundi hajawahi kusema kitu. Yeye alimsafisha mikono mitupu, mikono ile yenye grisi isiyotoka, na wakati anamgeuza alimwimbia upuuzi fulani wa utotoni mwetu. Wiki ishirini na tisa nilikunywa soda. Nikimtaja shangazi na kikombe chake, nakumbuka ile chupa. Tofauti yetu naitafuta, na siku nyingine siioni.

“Usinihubirie ukweli,” kaka alisema, akaondoka. Hakupaza sauti.

Kilichobaki kilikuwa mtoto. Jioni ile, kabla watu hawajatawanyika, shangazi alimwita kaka na kumwambia mbele yetu sote, “Huyu arudishwe alikotoka kabla nyumba haijafungwa. Hatuwezi kuendesha jalala vizazi viwili.” Mtoto alikuwa anakusanya sahani. Alisikia. Aliendelea kuzipanga, kubwa chini, ndogo juu.

Nilisubiri kaka aseme kitu. Kaka alimtazama shangazi, akamwambia, “Shangazi, neno hilo usilitamke tena ndani ya nyumba ya mama yangu.”

“Nimesema nini kibaya? Mbona wote tulikuwa tunamwita...”

“Wewe ulikuwa unamwita. Nenda nyumbani, shangazi. Nitakuitia gari.”

Na akamwitia kweli, akamfungulia mlango, akaufunga. Mimi na kaka hatujawa marafiki tangu hapo, lakini hilo alilifanya na ninaliandika.

Ningependa kusema kwamba mtoto nilimchukua mimi. Ingekuwa hadithi nzuri. Nina chumba cha ziada, nina kazi ya kukaa kivulini. Fundi ana vyumba viwili na watoto watatu. Lakini usiku haujaingia, mkewe, yaani wifi yangu, alikuwa ameshafunga nguo za mtoto kwenye shuka na kumuuliza anapenda kulala upande wa ukutani au wa nje. Mimi nilikuwa bado natafakari. Nilikuwa natafakari, Mungu anisamehe, kama bado anakojoa kitandani.

Jumatatu ya pili tulikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, Fundi, mkewe, mtoto na mimi. Mabenchi wamebadilisha, harufu ni ile ile, ya karatasi zilizoloa na watu waliosubiri. Afisa alikuwa binti mdogo, mwenye adabu, na fomu ndefu.

“Uhusiano wako na mtoto?” akamuuliza Fundi.

“Dada yangu.”

“Wa damu?”

Fundi si mtu wa maneno. Aliangalia kucha zake. “Andika dada,” akasema.

“Fomu inataka...”

“Andika dada, mama,” akasema mke wa Fundi kwa upole. “Hilo jingine fomu itajijua.”

Afisa akaandika. Akaniuliza na mimi ni nani katika shauri hili. Nikasema mimi pia ni dada yake. Mtoto alinigeukia. Nimeshapimwa na watu wazima wengi, lakini sijawahi kupimwa namna ile.

Siku hizi nakwenda kwao kila Jumamosi asubuhi na mapema. Kitindamimba wa Fundi ana miezi minane na anaharisha kila jino likimtoka. Mara mbili nimembadilisha nguo. Mara ya kwanza nilikimbilia nje kutapika na mke wa Fundi akamalizia. Mara ya pili nilimaliza mwenyewe, nimeziba pumzi, machozi yananitoka, na nepi niliivalisha kinyume. Mtoto, yule wa mama, alikuwa mlangoni, ameegemea, ananiangalia. Hanipendi bado. Akanisogezea ndoo kwa mguu, akaenda zake kucheza.